Kiti cha miiba ya nungunungu: mila inaishia wapi, usasa unaanzia wapi?

Msomaji, fundi samani wa Mombasa, ameandika:

“Shikamoo mwalimu. Nina karakana ndogo ya samani. Nimeona picha za kazi za Jordan Bennett, msanii wa kabila la Mi'kmaq huko Kanada. Kuna ubao wa magurudumu wanaochezea vijana, yeye kauunda kwa sura ya kiatu cha theluji. Kuna na kuta alizopaka nakshi za rangi kali, waridi, zambarau, machungwa. Maelezo yanasema amechanganya mila na usasa. Naomba unifahamishe: hapo mila ni ipi na usasa ni upi? Halafu ile nyota yao yenye ncha nane imenikaa sana moyoni. Nikiichonga kwenye migongo ya viti vyangu, nitakuwa nimekosea?”

Marahaba, fundi. Maswali yako ni mawili, na la pili ndilo zito, ila halijibiki kabla ya kulifumua la kwanza. Kazi yangu ni kutunza vitu vya zamani vya mbao, magome na majani, na nimeifanya miaka mingi hapa Halifax, mashariki ya Kanada, ndani ya nchi ya Wami'kmaq wenyewe. Mimi si mtu wa kabila hilo. Ninachokijua nimekipata kwa kushika vitu vyao mikononi, na kwa kukaa na mafundi wao waliostahimili maswali yangu.

Nchi yao wanaiita Mi'kma'ki. Ni jimbo zima la Nova Scotia, kisiwa cha Prince Edward ambacho wao hukiita Epekwitk, mashariki ya New Brunswick, rasi ya Gaspé kule Quebec, na sehemu za Newfoundland. Wengine wako ng'ambo ya mpaka, Maine, Marekani. Ni watu wa pwani kama wewe: mitumbwi, samaki, chaza, na misitu inayoshuka karibu na maji.

Nianze na kiti, maana wewe ni mtu wa viti. Kililetwa karakanani kwetu kiti kimoja cha sebuleni, cha katikati ya karne ya 19. Kwa mbali ni kiti cha Kizungu kitupu: fremu ya mbao nyeusi iliyopigwa vanishi, miguu ya kukerezwa, mgongo wa duara. Ukikisogelea unaona pa kukalia hapana ngozi wala kitambaa. Ni gome la mti, na gome lote limefunikwa kwa miiba ya nungunungu iliyolazwa bega kwa bega, ikachora nyota katikati na pembetatu zilizopangana kuizunguka. Rangi zilikuwa zimefifia: manjano ya majani makavu, hudhurungi ya chai, kijivu. Ungeapa kwamba hizo ndizo rangi za asili, rangi za msituni. Tulipokitoa kikalio kwenye fremu tukakigeuza, upande wa chini, ambao haukupigwa na mwanga kwa zaidi ya miaka 100, ulikuwa na rangi zake zote. Waridi kali. Zambarau. Kijani cha kuumiza macho. Zilikuwa ncha za miiba ileile, zile zilizopenya gome zikatokea nyuma, na hakuna jua lililozigusa tangu mwanamke mmoja azikate pale.

Kikalio kile ndicho jibu la swali lako la kwanza, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Nungunungu wa kwetu unamjua: miiba mirefu, minene, yenye pete nyeusi na nyeupe, mingine inapita sentimita 30. Wa kule, wanayemwita matues, ni mnyama mwingine kabisa. Hupanda miti, na mwilini ana miiba kama 30,000, mifupi, myembamba, myeupe yenye ncha nyeusi. Ile ncha ina vinasio vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo wa kwetu hana. Ndiyo maana mwiba wake ukishaingia mwilini hugoma kutoka. Katikati mwiba ni mwepesi kama sponji, na juu una mng'ao wake wenyewe, kama kaure. Mafundi wengi siku hizi huichuma miiba kwa nungunungu waliogongwa na magari barabarani.

Gome ni la mbetula, mti wa nchi za baridi ambao gome lake jeupe hubanduka kama karatasi. Hubanduliwa wakati wa kiangazi, utomvu ukiwa unatembea, na anayejua hukata gome la nje tu, mti ukabaki hai. Miiba huoshwa kwa sabuni hadi mafuta yatoke, hupangwa kwa unene, huchemshwa na rangi. Ikifika wakati wa kazi huloweshwa ikalainika. Fundi hutoboa gome kwa msharasi, huchomeka ncha ya kwanza ya mwiba, hutoboa tundu la pili, huchomeka ncha ya pili, huivuta kwa nyuma na kuikata. Hapana gundi, hapana fundo, hapana uzi. Gome lenye unyevu hulegea na tundu hupokea mwiba. Likikauka linajibana na kuukaba. Nilifundishwa hatua hizi siku moja mezani kwa fundi mmoja wa Kimi'kmaq. Kwa saa tatu nilipata mstari wa urefu wa kidole changu, na vidole viwili vikitoka damu. Yeye, akizungumza huku, alimaliza ua zima lenye rangi nne.

Sasa jiulize: kwenye kiti kile mila ni ipi?

Kiti chenyewe si cha Wami'kmaq. Nyumba yao ya zamani, wi'kuom, iliyojengwa kwa nguzo na magome ya mbetula, haikuwa na viti vya miguu minne. Miiba waliitumia tangu kale kupambia nguo na vitu vyao. Lakini kazi hii ya kulifunika gome zima kwa miiba ilichanua kuanzia karne ya 18, na ilichanua sokoni. Waingereza walijenga Halifax mwaka 1749. Ardhi ilichukuliwa, mawindo yakapungua, njia za kuvulia zikafungwa, na wanawake wa Kimi'kmaq wakageuza ufundi wao kuwa riziki. Wanajeshi, mabaharia, wake wa maofisa, wasafiri, wote walitaka kitu cha kurudi nacho kwao. Basi wakatengenezewa wanavyovitaka: masanduku ya mapambo, vibeba sigara, vifuniko vya birika, na baadaye vikalio na migongo ya viti, ambavyo maseremala wa Kizungu walivitia kwenye fremu zao. Huko Bridgewater, Nova Scotia, makumbusho ya DesBrisay yana kitanda cha mtoto cha miaka ya 1860 ambacho paneli zake ni za miiba. Ni kazi ya Christianne Morris, mmoja wa wanawake wachache wa wakati ule ambao majina yao hayakupotea. Umbo ni la kitanda cha nyumba ya Kiingereza. Mkono ni wa Kimi'kmaq kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na zile rangi? Zamani walichemsha mizizi na maganda ya mimea ya msituni. Mwaka 1856 kijana mmoja wa London, William Perkin, aligundua kwa bahati rangi ya zambarau inayotokana na lami ya makaa ya mawe, na viwanda vikaanza kumwaga rangi za kikemikali duniani. Rangi hizi ndizo hizi hizi ambazo wasukaji wa mikeka wa pwani yetu wanazinunua kwa pakiti na kuchemshia ukili. Wanawake wa Kimi'kmaq hawakungoja kuambiwa. Ndani ya miaka michache miiba ikawa ya waridi na zambarau. Walipenda ukali wake, na mwiba mweupe hupokea rangi kwa namna ambayo pamba haiwezi.

Kwa hiyo unapoona kuta za Bennett na kudhani rangi zile kali ndio usasa aliouongeza, sivyo, fundi. Zile ni rangi za babu na bibi zake kabla jua halijazila. Sisi tulizoea kuviona vitu hivi vikiwa vimefifia kwenye makabati ya makumbusho, tukauita ufifiaji huo mila. Hilo kosa nimelifanya mimi mwenyewe, na ninajua wenzangu wengi wa kazi hii waliolifanya.

Bennett alizaliwa mwaka 1986 Stephenville Crossing, magharibi ya Newfoundland. Mahali hapo pana maana. Newfoundland ilipojiunga na Kanada mwaka 1949, Wami'kmaq wa kisiwa hicho hawakutambuliwa chini ya sheria ya watu wa asili, kana kwamba hawapo; kabila lao la Qalipu lilikuja kutambuliwa rasmi mwaka 2011. Mtu aliyekulia hapo huyatafuta mambo ya kwao popote yaliko, na mengi yako kwenye stoo za makumbusho. Mwaka 2018, katika jumba la sanaa la Nova Scotia hapa Halifax, alifanya maonyesho aliyoyaita Ketu' elmita'jik, yaani “wanataka kurudi nyumbani”. Aliomba vitu vya kale vya miiba, pamoja na vikalio vya viti, vitolewe stoo, akaviweka ukumbini, kisha akazipaka kuta nakshi zilezile kwa ukubwa wa ukuta. Pembetatu ya ukubwa wa ukucha ikawa pembetatu ya kimo cha mtu. Nilisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Kitu ambacho siku zote nimekitazama kwa lenzi ya kukuza, nikihesabu miiba iliyovunjika, sasa kilikuwa kinanitazama mimi.

Ule ubao wa magurudumu ulioniuliza ni kazi yake ya mwaka 2009, Jilaqami'g No'shoe. Kiatu cha theluji, ikiwa hujakiona, ni fremu ya mbao iliyokunjwa kwa mvuke na kusukwa kati kwa kamba za ngozi mbichi. Humbeba mtu juu ya theluji laini asizame. Ni kifaa cha kutembelea nchi yako. Ubao wa magurudumu nao ni kifaa cha kijana wa mjini kutembelea nchi yake, yenye lami. Mwaka uliofuata alitengeneza mashine za kuchezeshea santuri, zile za madijei, kwa mbao za jozi, mwaloni na msonobari. Ukizipanga kazi hizi pembeni ya kiti cha 1860 utaona ni mwendo mmoja. Kila kizazi kinachukua kitu kilichopo mezani kwake na kukitia mkono wake.

Niongeze mfano ambao Wakanada wenyewe huusahau. Mchezo wanaoupenda kuliko yote ni mpira wa magongo wa barafuni. Magongo bora ya mwanzo wa mchezo huo yalichongwa na Wami'kmaq wa Nova Scotia kwa mikono. Walichagua mti mgumu sana, unaokua polepole, wakauchimba pamoja na mzizi wake, kwa sababu pale shina linapogeuka kuwa mzizi nyuzi za mbao hupinda zenyewe. Wewe fundi utalifahamu hili upesi: gongo lililokatwa kwa msumeno kwenye ubao mnyoofu huvunjika shingoni, lakini lililofuata mpindo wa mti wenyewe halivunjiki kirahisi. Mti ule ulipoadimika wakahamia kwenye mbetula wa manjano. Kampuni ya Starr ya Dartmouth, ng'ambo ya bandari ya Halifax, iliyauza magongo hayo kwa chapa ya Mic-Mac. Jina la watu likawa chapa ya bidhaa, na bidhaa ikasambaa nchi nzima. Wachongaji wenyewe majina yao hayakuandikwa popote kwenye lile gongo.

Nimekueleza haya kwa urefu ili uone mahali mila ilipokaa. Umbo la kitu hubadilika, rangi hubadilika, mnunuzi hubadilika. Kinachodumu ni kujua: lini gome linabanduka bila kuua mti, mwiba upi unafaa ukingoni na upi katikati, mzizi gani umepinda sawasawa. Ujuzi huo ukikatika, nakshi inabaki picha tu.

Na kukatika si jambo la kufikirika. Shule ya bweni ya Shubenacadie, iliyofunguliwa mwaka 1930 na kufungwa 1967, ilichukua watoto wa Kimi'kmaq kutoka kwa wazazi wao na kuwaadhibu kwa kuongea lugha yao. Mtoto asiyekaa na bibi yake hajui jina la mzizi. Kuna msanii mmoja aliyeifanya hofu hii kuwa kazi nzima ya sanaa, na kama unataka kuwaelewa wabunifu wa Kimi'kmaq wa leo, huyu usimpite.

Ni Ursula Johnson, aliyezaliwa mwaka 1980, wa jamii ya Eskasoni kule Cape Breton. Alifundishwa kusuka na bibi mzaa bibi yake, Caroline Gould, msukaji aliyeheshimika mno. Vikapu vyao ni vya mti wanaouita wisqoq. Sikiliza unavyopatikana. Gogo hukatwa likiwa bichi, huvuliwa gome, kisha hupigwa kwa kisogo cha shoka, pigo baada ya pigo, kwa urefu wake wote. Katika mti huu, sehemu ya kila pete ya mwaka inayokua wakati wa masika ni laini, ina matundu. Kipigo huiponda hiyo, na pete ya mwaka huinuka ikabanduka kama utepe mrefu wa mbao. Yaani fundi anabandua mwaka mmoja mmoja wa uhai wa mti. Tepe hupasuliwa tena, hukwanguliwa, hukatwa kwa upana sawa, ndipo husukwa. Kwa miongo mingi vikapu hivi vilibeba viazi na matufaha ya wakulima wa eneo zima, mpaka plastiki na karatasi vilipoingia.

Johnson alipofungua maonyesho yake Mi'kwite'tmn, “unakumbuka?”, mwaka 2014 katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Saint Mary's hapa Halifax, watu walikuta ukumbi wa makabati angavu, matupu. Hapakuwa na kikapu hata kimoja ndani. Badala yake, kwenye kuta za makabati hayo ilichorwa michoro ya vikapu kwa mchanga unaopulizwa kwa nguvu, pamoja na majina ya sehemu zake kwa Kimi'kmaw. Unasimama unatazama mchoro wa kikapu, na nyuma yake ni hewa. Chumba kingine kilikuwa kama stoo ya makumbusho, vitu vimepangwa kwenye rafu, na mgeni huvisoma kwa mashine ya misimbo ya mistari kama ile ya dukani. Mahali pengine yeye mwenyewe alikaa akilikwangua gogo la wisqoq, tepe baada ya tepe, bila kusuka chochote, mpaka gogo likawa rundo la maganda sakafuni. Pia kuna vikapu vyake anavyoviita O'pltek, kwa maana ya kitu ambacho hakiko sawa: vimesukwa kwa ustadi kamili, ila vina umbo lisiloweza kubeba kitu.

Wapo waliolalamika kwamba huko ni kuharibu mti mzuri. Mimi naona kinyume. Aliwaonyesha watu kitu ambacho kikapu kizima kisingeweza kuwaonyesha: kwamba unaweza kukihifadhi kikapu miaka 200 ndani ya kioo na bado ukakipoteza. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Sobey, ambayo wakati ule ilikuwa tuzo kubwa ya wasanii chipukizi wa Kanada, yenye dola 50,000.

Mti wenyewe uko hatarini. Nova Scotia iliuorodhesha wisqoq kuwa mti ulio katika tishio mwaka 2013. Kisha akaja mdudu mmoja wa kijani kinachometa, mwenye urefu wa sentimita moja hivi, asili yake Asia ya mashariki. Lava wake hula chini ya gome na kuunyima mti maji. Amerika Kaskazini aligunduliwa mwaka 2002 karibu na Detroit, na mwaka 2018 akafika Bedford, kiunga cha Halifax. Mafundi niwajuao sasa wanaweka akiba ya tepe, na kukusanya mbegu.

Upande wa miiba habari ni njema zaidi. Huko Epekwitk wanawake kama Cheryl Simon na Melissa Peter-Paul wameurudisha ufundi huo kwa nguvu, wanautenda na kuufundisha. Nilichokipenda kwao ni kwamba hawakuanzia kwenye picha. Walirudi kwenye masanduku ya zamani, wakayasoma jinsi yalivyotobolewa. Hereni ya mduara yenye upana wa sarafu, iliyotengenezwa hivyo, ina ujuzi uleule wa kiti changu. Hata lugha imepata kusimamishwa kidogo: tangu Oktoba 2022 sheria ya Nova Scotia inaitambua Kimi'kmaw kuwa lugha ya kwanza ya jimbo.

Sasa nyota yako.

Iko juu ya mwamba kule Bedford, nusu saa kutoka ninapoandika, imechongwa jiweni pamoja na umbo la mtu, na eneo hilo linalindwa kama urithi wa taifa. Iko kwenye masanduku ya miiba. Iko kwenye vikapu, bendera, fulana na majengo ya ofisi za kabila. Wengine husema ni jua. Wengine huisimulia hivi: ncha saba ni wilaya saba za Mi'kma'ki, na ya nane ni Ufalme wa Uingereza, ambao Wami'kmaq walifunga nao mikataba ya amani na urafiki katika karne ya 18. Na mikataba hiyo haijafa. Mwaka 1999, katika kesi ya Donald Marshall, mvuvi wa Kimi'kmaq aliyeshtakiwa kwa kuvua mikunga bila leseni, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba mikataba ya 1760 na 1761 bado inampa haki ya kuvua na kuuza kwa ajili ya riziki. Kwa hiyo kwa wengi wao ile nyota si pambo tu. Ni kama muhuri wa makubaliano ambayo bado yanadaiwa.

Sheria itakuruhusu kuichonga? Yaelekea ndiyo. Hakimiliki ya Kanada humlinda msanii mmoja, kwa uhai wake na miaka 70 baada ya kufa. Nakshi ya zamani isiyo na jina la mtu haina wa kuidai mahakamani. Ukiiga ukuta wa Bennett, hilo ni jambo jingine. Ile ni kazi yake, na ana haki nayo. Lakini usiishie kwenye hakimiliki. Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, katika ibara ya 31, linasema watu hao wana haki ya kudhibiti ujuzi wao na sanaa zao, na Kanada imeliingiza kwenye sheria zake mwaka 2021. Kwako Kenya ipo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Iliandikwa kwa sababu Wakenya walichoka kuona vitu vyao, kiondo cha Wakamba na Wakikuyu kikiwamo, vikiuzwa na watu wasiorudisha hata senti. Ukiuelewa uchungu huo kwa kiondo, tayari unauelewa kwa nyota.

Basi jibu langu ni: usiichonge, fundi. Mteja wako atakuuliza nyota hii ni nini, na utajibu nini? Ukisema ni pambo, utakuwa umeivua maana yake. Ukimsimulia habari ya mikataba, atauliza mtu wa Mombasa ameingiaje. Ukiwa unaipenda kweli, nunua kitu kidogo kutoka kwa fundi wa Kimi'kmaq, hata hereni, ukitundike karakanani ukitazame kila siku. Au mwandikie mmoja wao umwagize paneli, kwa bei yake yeye, uijengee kiti. Viti vya 1860 vilikuwa hivyo hasa: seremala na mwenye miiba walikuwa watu wawili.

Lakini kipo cha kuchukua, tena bure, nacho ni namna kiti kile kilivyoungwa. Gome halivumilii msumari. Kwa hiyo kikalio hakikupigiliwa. Kilitengenezwa peke yake, kikawekewa ubao mwembamba kwa chini, kikatuliwa ndani ya fremu kwenye ngazi ndogo iliyochongwa ukingo wa ndani. Ndiyo maana sisi tuliweza kukitoa bila kukiumiza. Wewe una ukili. Una wanawake wanaojua miyaa ya mkindu ikatwe lini, ianikwe siku ngapi, ichemshwe na rangi ipi isichuje. Wape kipimo cha fremu, wasuke kikalio kizima kwa nakshi zao wanazozijua kwa majina, si ukate kipande cha mkeka wa sokoni. Chonga ngazi ya upana wa kidole, acha nafasi ya milimita mbili kila upande kwa sababu ukili huvimba msimu wa mvua, na ukitulize bila gundi, ili kikichakaa kitolewe kisukwe kingine na fremu ibaki.

Jambo moja mafundi wa Halifax wa karne ile hawakulifanya, na linaniuma kila ninapogeuza kiti kama kile. Maseremala mara nyingine waligonga mihuri yao kwenye mbao. Aliyetoboa gome na kulaza ile miiba hakuandikwa. Wewe muulize msukaji kama anapenda jina lake liwepo, na akikubali, liandike kwa wino upande wa chini wa kikalio, pale mwanga usipofika.